Ndulele Tatu na Asiyeonekana

Juzi katapila lilikuwa linasafisha kiwanja changu kule Terrat. Mimi nimesimama pembeni na fimbo yangu kuhakikisha dereva hachomi mafuta yangu bure, ndipo harufu ikanipiga. Ndulele. Ule uchungu mbichi unaokwenda moja kwa moja nyuma ya ulimi hata kama hujaonja kitu. Katapila lilikuwa limepita juu ya kichaka kizima, matunda ya njano na ya kijani yamepasuka, mbegu zimetapakaa kwenye udongo. Dereva akazima mashine. "Bibi, vipi, vumbi?" Nikamwambia awashe mashine aendelee na kazi, macho ni yangu.

Vijana wa leo ndulele kwao ni magugu tu. Ninyi wa rika langu mnaijua. Tulirushiana, tuliviringisha mteremkoni, tulichomeka vijiti vinne tukasema ni ng'ombe. Kwetu ndulele ilifanya kazi nyingine pia, na hiyo ndiyo nataka kuiandika kabla haijanitoka kichwani. Sikusoma. Niliishia darasa la nne na sioni haya kusema, maana maziwa niliyoanza kuuza kwa kidumu kimoja kichwani ndiyo yaliyojenga nyumba zangu za Sombetini, na ndiyo yatakayojenga kituo cha maziwa pale Terrat. Anayetaka maneno ya profesa akatafute profesa. Lakini kemia kidogo naijua. Nilifundishwa na dada yangu kwa mbuzi, kwa miiba na kwa ndulele, na nikaielewa vibaya kabisa.

Kwetu ni huko mlimani, upande ambao migomba na kahawa vinakaa pamoja, asubuhi ukungu unashuka mpaka kizingitini. Mama alikuwa amefariki kabla ya mvua za vuli. Alikufa kwa homa ambayo kila mtu alisema ni ya kawaida. Zahanati dawa zilikuwa zimekwisha. Tukamzika ndani ya migomba nyuma ya nyumba, kama tunavyozika kwetu, tukabaki watatu: Baba, dada yangu Eliapenda ambaye sisi tulimwita Penda, na mimi ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanaota upya.

Jikoni kulikuwa na jambo ambalo sikumwuliza mtu. Mama alikuwa na mahali pake pa kukaa, upande wa mlangoni, ambako moshi haufiki. Baada ya mazishi hakuna aliyekaa pale. Hakuna aliyekataza. Tulibanana upande wa pili wa mafiga, goti la Baba limegusana na la Penda, kiwiko changu kimo kwenye mbavu za Penda, moshi wote unatujia sisi. Tulikula huku machozi yanatoka, na mahali pazuri pako wazi mbele yetu. Mimi niliona ni sawa tu. Mtoto akikuta kitu kiko hivyo, anajua ndivyo kilivyoumbwa.

Penda alikuwa kidato cha tano, shule ya bweni, mchepuo wa sayansi. Likizo ile alirudi amekonda na hasemi. Baba alimwacha akae kwanza, akala, ndipo akamwuliza.

"Kuna nini?"

"Nimefeli jaribio la kemia, Baba."

"Lote?"

"Sehemu ya maumbo. Maumbo ya molekuli. Ni vitu vidogo sana, huwezi kuviona."

Baba alitafuna akameza. "Sasa kama havionekani, umbo lake wamelijuaje?"

Penda akaweka chakula chini. Alisema kwamba shule ikifunguliwa mwalimu atawaita waliofeli mbele ya darasa, mmoja mmoja, awaulize kwa mdomo. Asiyeweza kueleza anatolewa kwenye mchepuo, anahamishiwa kwenye historia na lugha.

"Sikukuruhusu uende ukasome habari za wafalme waliokufa," Baba akasema. "Siku ile tumetoka kumzika mama yako, ulisema unataka kujua dawa inatengenezwa na nini, ili watu wasife na homa za kawaida. Nikasema nenda. Wakikutoa kwenye dawa, urudi hapa nyumbani. Ng'ombe wanataka majani."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesema mahindi yamekauka, yavunwe. Ndiyo maana Penda aliogopa. Ukali wa Baba ulikuwa unapita, ila akisema kwa sauti ile, ndiyo imekuwa.

Mahindi yakishavunwa, mbuzi nilikuwa nawapeleka shamba letu la chini, kule tambarare ambako mvua ni ya kubahatisha na ardhi ina mchanga. Penda akawa anafuatana nami na karatasi zake. Siku ya kwanza alinionyesha mchoro aliofelia. Duara katikati, mistari minne imetoka: juu, chini, kushoto, kulia. Mwalimu alikuwa ameandika chini yake kwa wino mwekundu: Hii ni njia panda?

"Huyu wa katikati ni kaboni," Penda akaniambia. "Amefungwa na haidrojeni wanne. Kila kamba inayomfunga imetengenezwa na elektroni, na elektroni hawapatani. Kila kamba inataka kukaa mbali na mwenzake iwezekanavyo, lakini zote zimefungwa pale pale katikati."

"Kama mbuzi," nikasema.

"Kama mbuzi vipi?"

Nikashangaa dada mkubwa wa sekondari hajui. Nikamwonyesha. Mbuzi wetu walikuwa na roho mbaya, kila mmoja anataka nyasi zake na mwenye pembe anampiga mwenzake. Ukiwafunga wawili kwenye kigingi kimoja, mmoja atakwenda huku na mwingine huku, kamba zao zinanyooka mstari mmoja. Ukiongeza wa tatu, wanagawana uwanja vipande vitatu sawa. Wa nne akija, wanakaa vile vile kama mchoro wa Penda.

"Si ndivyo ulivyochora?"

"Ndivyo. Kumbe nilipokuwa nachora nilikuwa nawafikiria hawa hawa bila kujua."

"Basi mwalimu wako hajawahi kuchunga."

Penda alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. Halafu akaacha. "Ila yeye yuko sahihi. Mbuzi wanne kati yao kuna digrii tisini. Kitabu kinasema mia na tisa na nusu. Namba nimekariri, siioni. Ukiziweka nne zinapita mia tatu na sitini, duara linajaa linamwagika. Zinaingiaje?"

Mimi mambo ya duara kumwagika sikuyajali. Nililojua ni kwamba kemia ni kuchunga mbuzi wasiopatana, na kwamba nikifika sekondari nitakuwa wa kwanza darasani. Usiku huo nililala na kiburi kikubwa.

Tulikwenda hivyo kwa siku nyingi. Penda anachora kwenye mchanga, anafuta, anachora. Anakasirika, anamtupia jiwe mbuzi asiye na kosa. Siku zilizobaki za likizo zikawa zinapungua na yeye anazidi kuwa mkimya, mpaka siku niliyokanyaga mbigili.

Mnaijua mbigili. Kile kimbegu kikavu chenye miiba, kinachokaa mchangani kinakungoja wewe usiye na viatu. Ilinichoma katikati ya unyayo nikapiga kelele mbuzi wakakimbia. Penda alinikalisha, akaweka mguu wangu mapajani mwake, akawa anachokonoa.

"Wewe huangalii unapokanyaga?"

"Nimeangalia! Hii ndiyo ina tabia mbaya. Hata uitupe vipi, lazima mwiba mmoja utazame juu. Jaribu uone!"

Nilisema kwa hasira, sikuwa nafundisha mtu. Penda akaitoa, akaitazama, akaitupa juu ya jiwe bapa lililokuwa pembeni. Ikatua, mwiba mmoja juu. Akaokota, akatupa tena. Mwiba juu. Akaitupa kwa mgongo wa mkono, akaitupa kwa kuizungusha, na kila ikitua iko vile vile, imejishika chini kwa mingine na mmoja umesimama unasubiri mguu wa mtu. Damu ilikuwa inanitoka kidogo kidogo kwenye sketi yake na amenisahau.

"Mbuzi hawapandi," akasema.

"Nini?"

"Mbuzi wako chini, mdogo wangu. Wametandazwa. Hawana juu. Hawa haidrojeni wanne wana juu!"

Akaniacha pale na mguu wangu, akakimbilia kichaka cha ndulele. Alirudi amejaza sketi. Akachuma miiba ya mgunga, ile mirefu myeupe, akachukua ndulele moja kubwa ya njano akaiweka katikati, akaichoma miiba minne, na kwenye ncha ya kila mwiba akachomeka ndulele changa ya kijani. Mwanzoni ilikaa vibaya, mbili zimekaribiana. Akaichomoa moja, akaisogeza, akachomeka upya. Akawa anafanya hivyo mpaka kila ndulele ya kijani iko mbali na mwenzake sawasawa, hakuna inayopendelewa. Akaiweka juu ya jiwe. Ikasimama kwa miguu mitatu kama kigoda, moja iko juu. Akaigeuza. Ile ile. Akaigeuza tena. Ile ile. Alikuwa na kile kiplastiki cha nusu duara cha kupimia pembe, akakibana kati ya mwiba na mwiba, jicho moja amefumba. Mikono yake ilikuwa ya njano na inanuka uchungu.

"Mia na tisa," akasema. "Na kidogo."

Akaanza kulia. Mimi nikafikiri miiba imemchoma.

Kuanzia hapo tulikuwa na kiwanda. Kila siku tulitengeneza, nyingine ni za haidrojeni, nyingine za klorini, mimi kazi yangu kuleta ndulele. Ndipo tukafika kwenye amonia. Ninyi mliofuga mnaijua, ndiyo ile harufu ya zizi la ng'ombe wa ndani asubuhi, inayokuingia puani mpaka macho yanatoa maji. Penda akachomeka miiba mitatu tu.

"Umesahau mmoja," nikamwambia.

"Sikusahau. Huyu wa katikati ni naitrojeni. Ana nafasi nne kama kaboni, ila waliomshika ni watatu."

"Na ya nne?"

"Ya nne ina elektroni zake mwenyewe, jozi moja, hazijashikwa na mtu."

"Mbona huweki kitu?"

"Kwa sababu kwenye umbo hawaihesabu. Haionekani."

"Lakini ipo?"

"Ipo. Tena inachukua nafasi kubwa kuliko wale watatu. Inawasukuma, wanabanana upande wa pili." Akazisogeza zile tatu karibu kidogo. "Hawafikii tena mia na tisa na nusu. Wanabaki na mia na saba."

Nilikaa pale kwenye mchanga nikizihesabu zile tatu. Mmoja haonekani, lakini yupo. Anachukua nafasi kubwa kuliko waliopo. Watatu waliobaki wamebanana upande wa pili. Nilimjua huyo. Nilikuwa nakula mbele yake kila siku, na moshi unaniingia machoni. Nikajua kumbe hiki ndicho wanachofundisha sekondari! Wanajua wafu wanakaa wapi, wameshapima mpaka na digrii, na Penda ananificha kwa sababu mimi ni mdogo.

Tulipofika nyumbani nikaiba ile amonia, nikaingia nayo kwenye migomba mpaka kaburini. Udongo ulikuwa bado umetuna. Nikaiweka upande wa kichwa, ndulele tatu zimeangalia nyumba, upande mtupu umeangalia kaburi. Nikamwambia, "Mama, wamekuona. Umo kwenye kitabu." Nikaenda kula nikiwa na furaha ambayo sikumwambia mtu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi na shangazi yetu akaja. Huyu ni dada yake Baba, alikuwa na cherehani Ngarenaro na sauti ya kuuzia soko zima. Alikuja na mkate wa mjini, akaamkiwa, akaenda moja kwa moja kwenye migomba kumsalimu wifi yake kama desturi yake. Tukasikia yowe.

"Uwiii! Kaka! Njoo uone walichomfanyia mkeo!"

Baba alitoka zizini na panga mkononi. Sisi nyuma. Shangazi alikuwa amesimama mbali na kaburi, amejishika kichwa.

"Ndulele! Na miiba! Tatu, moja ya kila aliyebaki kwenye nyumba hii! Wamemmaliza mama, sasa wanawafuata ninyi! Sikukuambia mimi? Sikukuambia juu ya yule jirani yako wa mpakani?"

Kule kwetu ndulele yenye miiba juu ya kaburi haihitaji maelezo. Baba aliitazama, uso wake ukawa kama jiwe. Akageuka akaanza kutembea kuelekea kwa yule jirani, panga bado liko mkononi. Jirani mwenyewe tulikuwa tunamsikia anapasua kuni kwake, hana habari.

"Baba!" nikapiga kelele. "Ni kemia!"

Akasimama.

"Kemia?" Shangazi akadakia. "Kemia ndiye nani? Mganga wa wapi huyo?"

"Ni ya Penda. Niliileta mimi. Kwa sababu Mama yumo. Penda ndiye aliyesema."

Basi yote yakamgeukia Penda. Shangazi alipiga makofi. "Yaani unalipa ada mtoto anakwenda kujifunza kuchoma matunda miiba? Halafu wanakuja kumweka wifi yangu katikati? Kaka, mtoto huyu hapaswi kurudi. Nipe mimi nikamfundishe cherehani, angalau nguo inavaliwa!"

Baba alirudi polepole. Aliinama akaichukua ile amonia kwa kitambaa, kama mtu anayeshika nyoka aliyekufa, akaiweka chini mbele ya Penda.

"Eleza," akasema. "Na kama sijaelewa, hurudi shule."

Penda alianza na maneno yake ya darasani, nusu Kiingereza. Baba akanyanyua mkono. "Sema kwa maneno ya watu."

Nikamwona Penda amevuta pumzi. Akaanza upya, na mbuzi. Mbuzi Baba alielewa mara moja, akatikisa kichwa kukubali, akarekebisha mpaka aina ya fundo. Akaenda kwenye mbigili. Baba akatazama unyayo wangu. Akaenda kwenye ndulele nne, akaleta zilizobaki ndani, akaiunda pale pale, akaigeuza mbele ya Baba mpaka Baba akaichukua kwa mkono mtupu, ameshasahau kitambaa, akaigeuza mwenyewe. Ndipo akafika kwenye tatu.

"Kwa hiyo wa nne yupo," Baba akasema.

"Yupo."

"Ila haonekani."

"Haonekani, Baba."

"Na anawasukuma hawa. Anawachukia?"

"Hapana. Hachukii. Ana nafasi kubwa tu. Hawa wanalazimika kukaribiana."

Baba aliizungusha ile yenye tatu, akatazama kaburi. Shangazi alinyamaza, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Kuni za jirani zilikuwa bado zinapasuka kule ng'ambo.

Penda akapiga magoti mbele yangu. "Lakini siyo Mama, mdogo wangu. Unanisikia? Ni elektroni. Mama hayumo humu."

Nililia pale kuliko nilivyolia siku ya kuzika. Siku ya kuzika sikuwa nimeelewa. Nilimpiga Penda kwa ngumi, nikamwambia mwongo, amesema mwenyewe yupo na haonekani. Penda naye akawa hajui afanye nini.

"Mwache," Baba akasema. Akanivuta kwenye goti lake. "Mtoto hajakosea hesabu. Amekosea jina."

Shangazi akajifuta pua kwa ncha ya khanga. "Mimi bado nasema cherehani," akanung'unika, lakini kwa sauti ya kushindwa, halafu akaenda kukata mkate.

Siku ya kufungua shule Baba alimpeleka Penda mwenyewe. Hakukuwa na mtu wa kuniachia, nikaenda. Baba alibeba lile sanduku la bati begani, akalitua mlangoni mwa darasa na hakuondoka. Mwalimu, kijana mwenye nywele nyingi na suruali pana chini, akamwambia kwa heshima, "Shikamoo mzee. Mnaweza kwenda, tutawajulisha." Baba akaitikia marahaba, akakaa juu ya sanduku. "Tutangoja," akasema. "Kama anarudi nyumbani, sanduku siwezi kulibeba mara mbili." Mwalimu akatazama lile sanduku, akamtazama Baba, akaacha mlango wazi.

Aliitwa msichana mmoja kabla ya Penda. Alisimama ubaoni, akanyamaza, akarudi kukaa amejiinamia. Kisha Penda. Walikuwa wanasema Kiingereza na sisi hatukushika neno. Tulishika mikono tu. Nilimwona anasimamisha vidole vitatu chini na kimoja juu, nikamnong'oneza Baba, "Ile ya nne." Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaonyesha vitatu, kiganja kingine amekifunika juu kama mtu anayezuia chungu kisifuke. "Ile ya zizi," nikasema.

Kisha mwalimu akauliza jambo jingine, na mikono ya Penda ikasimama.

Mwalimu hakumharakisha, wala hakumsaidia. Penda alitazama ubao, akatazama mikono yake, halafu akageuka kidogo upande wa mlango. Sijui kama alituona sisi au aliona kitu kingine. Akanyanyua mikono miwili, akaitanua juu kama mtu anayeomba kanisani. Kisha taratibu akaanza kuisogeza pamoja, akaisogeza zaidi ya ile ya zizi, akaiacha hapo, na akasema maneno machache.

Mwalimu akaandika kitu kwenye karatasi yake. Akamwonyesha dawati lake, lile lile la mstari wa mbele. Penda hakwenda kukaa. Alikuja mlangoni, uso unang'aa jasho.

"Nimebaki, Baba."

"Alikuuliza nini pale uliposimama?"

"Maji. Sikuwa nimeyafanya. Tuliishia kwenye amonia."

"Ukasemaje?"

"Maji yamefungwa kwa kamba mbili tu. Nafasi nyingine mbili ni za wasioonekana. Nikafikiri, kama asiyeonekana mmoja anawabana watatu vile, wakiwa wasioonekana wawili, hao wawili waliobaki watakaribiana zaidi. Mia na nne na nusu."

Baba akanyanyuka kwenye sanduku. Akalisukuma kwa mguu kuelekea ndani. "Basi lichukue," akasema. Ndiyo pongezi aliyokuwa nayo.

Wanaotaka kujua mwisho nawaambia hapa, nisiwazungushe. Penda alimaliza, akasomea dawa, akakaa nyuma ya dirisha la dawa la hospitali mpaka anastaafu, na hadi leo akija kwangu anasoma karatasi za dawa zangu zote na kunigombeza. Mimi nilibaki na ng'ombe, na sijutii.

Lakini tuliporudi siku ile ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Tulirudi kwa miguu, wawili. Baba alikuwa na tabia ya kutembea mbele na mtoto anakimbia nyuma. Siku hiyo hana sanduku, mikono yake ilikuwa haijui pa kwenda. Njiani kuna kijito kinachotoka mlimani, tukasimama. Baba akachuchumaa juu ya jiwe, akachota maji kwa viganja viwili, na hakunywa. Aliyatazama. Aliyageuza upande huu na upande huu yakawa yanamwagika kati ya vidole.

"Hebu njoo," akaniambia.

Nikaja.

"Karibu zaidi."

Nikachuchumaa ubavuni kwake mpaka bega langu likaingia chini ya kwapa lake. Akachota tena, akanisogezea viganja mdomoni.

"Kunywa. Haya ndiyo dada yako aliyoyashinda."

Nikanywa. Yalikuwa ya baridi mpaka meno yangu mapya yakauma, na Baba akachota mengine.